Ng'ombe Apigaye Pembe, na Motokaa Iliyozeeka

Somo letu la mwezi huu lapatikana katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 21, tangu mstari wa 28. Ni sehemu ya Torati ambayo wengi huipita upesi, maana yataja ng'ombe, na mashimo, na malipo, nao hudhani ya kuwa hapo hapana chakula cha Mkristo. Sisi twaona kipo, tena ni neno linalozihusu nyumba nyingi za sharika zetu hapa Babati.

Musa aliwafundisha watu hivi, nasi twaeleza kwa maneno yetu wenyewe. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, ng'ombe huyo atauawa, lakini mwenyewe hana hatia, kwa kuwa hakujua. Bali ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe ameonywa wala hakumfunga, hapo hukumu yageuka. Mwenye ng'ombe naye ana hatia ya damu. Angalieni sana, wapendwa. Ng'ombe ni yule yule, na pembe ni zile zile, na aliyekufa amekufa. Kilichogeuza hukumu ni jambo moja tu, nalo ni kwamba mwenye ng'ombe aliambiwa.

Kwetu hapana haja ya kulieleza sana neno hili. Wagorowa, Wairaqw na Wabarbaig wamekaa na ng'ombe tangu babu zao, na kila mtoto achungaye ajua yupi ni mpole na yupi ni mkali, tena ya kuwa yule mkali hapelekwi mnadani katikati ya watu pasipo kamba. Mtu akimwachilia ovyo, kisha akajitetea kwa kusema, "Ni mnyama tu," wazee hawampokei neno lake.

Basi siku hizi zizini ameingia mnyama mwingine. Baada ya mavuno ya mbaazi au ya alizeti, watu wa nyumba kadha wa kadha hununua motokaa, wala si mpya. Ni Corolla, au Noah, au Probox, iliyotumika Japani miaka mingi kabla ya kuvuka bahari na kushushwa Dar es Salaam, kisha ikapita mikono ya watu wawili watatu hata kufika huku. Hatuna neno baya juu ya motokaa kuukuu. Umaskini si dhambi, na kuitunza mali iliyozeeka ni kwema kuliko kukopa ili kung'aa mbele ya majirani. Baba ajilazaye chini ya gari siku ya Jumamosi, mwenye oili hata viwikoni, akibadili filta na plagi kwa mikono yake mwenyewe, na mama akisomaye kitabu cha gari ili asidanganywe dukani, wote wawili wanafanya kazi ya wito wao mbele za Mungu. Dakta Martin Luther alifundisha hivyo juu ya kazi za nyumbani, hata zile za kuwaosha watoto wachanga, nasi hatuoni sababu ya kuitoa kazi ya spana katika mafundisho hayo.

Lakini mwenye kulitengeneza gari lake nyumbani ana jambo moja ambalo mwenye kulipeleka kwa fundi hana. Yeye hawezi kusema hakuambiwa. Mwenye kupeleka aweza kujificha nyuma ya fundi, na kusema, "Nililipa, nikaambiwa limepona." Aliyefungua gurudumu kwa mkono wake ameiona pedi ya breki ilivyobaki nyembamba kama ukucha. Amekanyaga breki akasikia zazama. Ameona tone la mafuta ndani ya rimu. Hakuna mtu mwingine aliyemwonya. Gari lenyewe limemwonya, na shahidi ni macho yake.

Twataka kukaa kidogo kwenye habari hii ya breki, maana hapo ndipo pembe zilipo.

Njia kuu itokayo Arusha hugawanyika hapa mjini kwetu. Moja yaenda Singida, kupitia Katesh chini ya mlima Hanang. Nyingine yaenda Dodoma, kupitia Bonga na Kondoa, nayo ilimalizika kuwekwa lami, ikafunguliwa mwaka 2018. Wazee wakumbuka jinsi mashimo na tope la njia za zamani yalivyomlazimisha kila dereva kwenda polepole, apende asipende. Siku zile gari bovu lilizuiliwa na njia yenyewe. Sasa lami imeondoa kizuizi hicho, na gari lililozeeka laenda kilometa 100 kwa saa kama jipya. Nao wenye elimu ya vitu hutufundisha ya kuwa mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ipasayo kuzuiliwa na breki haizidi mara mbili, bali mara nne. Njia imekuwa njema, lakini breki ni zile zile.

Tena iko milima. Atokaye Babati kwenda Mbulu hana budi kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, ama kwa Dareda ama kwa Magara, na aliyepanda atashuka. Hapo yafaa kila mwenye gari ajue jambo lisiloonekana kwa macho. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, hata kama kikopo chake kimefunikwa, mwaka baada ya mwaka. Yale ya aina iitwayo DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya joto la nyuzi 205. Yakiisha kunywa maji kidogo tu, kama sehemu tatu au nne katika mia, yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Breki zikikanyagwa mfululizo katika mteremko mrefu, chuma chake chapata joto kubwa, mafuta yale yenye maji yachemka ndani ya mabomba, na mvuke waingia. Mafuta hayakandamiziki, lakini mvuke hukandamizika. Dereva akanyaga, na kikanyagio chashuka hata sakafuni pasipo kuzuia kitu. Asubuhi yake, pale uani, breki zile zile zilishika vizuri. Ndiyo sababu mafundi hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili au karibu na hapo, na dereva mwenye akili hushuka mlima kwa gia ndogo, ili injini nayo isaidie kuzuia.

Sasa fikirini siku ya kipaimara. Mtoto wa ndugu anabarikiwa Dongobesh. Gari la watu watano limepakiwa wanane, na kuku, na sufuria, na keki iliyoshikwa mapajani na shangazi. Wote wanaimba. Baba aliyeshika usukani ajua ya kuwa tangu majuma matatu pedi za mbele zinapiga kelele. (Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi ili upige kelele zikiisha, ndiyo sauti ya ng'ombe huyo.) Ajua, lakini alisema moyoni, "Tukirudi, nitazibadili." Hatumwiti mtu huyu mwovu. Awapenda walio nyuma yake kuliko nafsi yake. Lakini amemchukua ng'ombe anayejulikana kwa kupiga pembe, akamfungua katikati ya watoto wake, na katikati ya watoto wa watu wengine waliosimama kando ya njia.

Hao walio kando ya njia twawasahau upesi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 ya kuwa watu karibu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao si watu wa ndani ya motokaa, bali ni waendao kwa miguu, na wa baiskeli, na wa pikipiki. Maana yake ni hii: mara nyingi anayelipa deni la breki mbovu ni mtu asiyepanda gari lile kabisa. Ni mama atokaye sokoni, au kijana wa bodaboda, au mwanafunzi. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529 Luther aliieleza Amri ya Tano kwa namna inayotubana. Hakutosheka kusema tusimwumize jirani katika mwili wake. Aliongeza ya kuwa yatupasa kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili. Basi mwenye gari hawezi kusema, "Sikumgonga mtu, nimeitimiza amri." Amri yauliza pia, "Umefanya nini ili usimgonge?"

Labda mtu atasema, "Fedha sina." Neno hili twalisikia mara nyingi, nasi hatulidharau, maana ada za shule zapanda na bei ya mbaazi yashuka. Lakini Torati haikumwambia mwenye ng'ombe mkali anunue ng'ombe mwingine. Ilimtaka amfunge tu. Kamba ni rahisi. Kama pedi hazinunuliki mwezi huu, motokaa na isimame uani mwezi huu, na watu wapande basi. Twajua ya kuwa hapo ndipo penye uchungu, wala si penye fedha. Gari likiisha kuonekana nyumbani, kupanda basi siku ya kipaimara ni aibu, na wakwe watauliza. Aibu hiyo ni ya kweli, nasi hatuwezi kuiondoa kwa maneno. Twasema tu ya kuwa yapimika: iwekwe upande mmoja, na maiti iwekwe upande wa pili.

Mwingine atasema, "Je, mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, na hospitali i mbali?" Swali hili ni jema, na jibu letu ni kwamba usiku huo ndio sababu ya kulifunga na kulitengeneza mapema. Ugonjwa wa usiku hautangoja pedi zifike kutoka Arusha.

Tena watu hutuuliza kama ni halali kutengeneza gari siku ya Jumapili. Bwana wetu alipobishana na Mafarisayo, katika Luka 14, aliwauliza ni nani asiyemtoa ng'ombe wake aliyetumbukia kisimani siku ya sabato. Basi ukimkuta mtu amekwama njiani Magugu, vua koti umsaidie, hata kama utakosa sala ya kwanza. Lakini kulifungua gari lako uani wakati kengele inalia, kwa sababu Jumamosi yote ilipotea barazani, huko si kumtoa ng'ombe kisimani.

Tukirudi katika sura ile ya Kutoka, kuna habari ya shimo. Mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama wa jirani akatumbukia, mchimbaji atalipa. Wengi watengenezao motokaa nyumbani huchimba shimo uani ili wapate kusimama chini ya gari. Ni busara kuliko kulitegemea jeki, maana jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia, na wako watu waliopondwa na magari yao wenyewe kwa kusahau tofauti hiyo. Asiye na shimo na aweke nguzo imara za chuma chini ya gari, au magogo mapana, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kabla hajaingiza hata kichwa. Lakini mwenye shimo, kazi ikiisha, alifunike kwa mbao nzito siku ile ile, wala si kesho, kwa maana watoto wa jirani huja kucheza jioni. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukakaa shimoni, na sigara moja au cheche moja yatosha. Moshi wa injini nao hukusanyika humo, na huua pasipo harufu ya kumwonya mtu. Injini isiwashwe mtu akiwa chini.

Na ile oili nyeusi mtu aliyoitoa? Wengi huimwaga nyuma ya nyumba. Mji wetu umeinamia ziwa, na mvua ya masika huchukua kila kitu cha uani hata majini, ambako jirani zetu wavuvi wanatafuta riziki. Ikusanywe katika dumu. Wako mafundi na maseremala waipokeao.

Juu ya rejeta tuseme neno moja. Babati i juu ya usawa wa bahari mita karibu 1,400, na kwa sababu hiyo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyazuia yasichemke upesi, kwa kuyafungia kwa nguvu. Kifungue gari likiwa moto, na maji yatakurukia usoni.

Magurudumu yataka maneno zaidi kidogo, maana hapo wengi hudanganywa. Tairi lililotumika ng'ambo huuzwa likiwa na meno marefu yanayopendeza, na mnunuzi hutazama meno tu. Lakini ubavuni mwa tairi imepigwa namba ya tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2318 lilifanywa katika juma la 23 la mwaka 2018. Mpira huzeeka hata usipotembea; hukauka, hupata nyufa ndogo, kisha siku ya jua kali barabarani hupasuka. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisipite miaka 10, hata likionekana zima. Kusoma namba hiyo ni bure. Aliyeisoma, ameambiwa.

Yuko na ng'ombe mwingine, mbaya zaidi, kwa kuwa wenye magari wengi hawajaambiwa habari zake. Ndani ya usukani wa motokaa za siku hizi mna mfuko wa hewa, ambao hufumuka kwa mlipuko gari ligongwapo, ili umkinge dereva. Kampuni ya Takata ya Japani iliwauzia watengenezaji wengi wa magari mifuko ya namna hiyo. Baadaye ilionekana ya kuwa baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hata kopo lake likapasuka na kurusha vipande vya chuma juu ya yule aliyepaswa kulindwa. Watu zaidi ya 30 wamekufa kwa hayo ulimwenguni. Mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe yatengenezwe, na kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Lakini barua za kuwaita wenye magari zilipelekwa kwa wenyewe wa kwanza, nalo gari likiisha kuvuka bahari, mara nyingi barua haimfuati. Basi ichukueni namba ya chesisi, mkamwombe kijana mwenye simu aitafute katika ukurasa wa mtengenezaji wa gari hilo. Hapo mtaona kama gari lenu lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoitwa. Likionekana limo, mfuko huo msiuguse kwa spana za nyumbani, maana ni kitu cha mlipuko. Ulizeni kwa wakala wa kampuni iliyolifanya gari.

Watu wengine hujiona wamemaliza yote wakiisha kubandika kiooni kile kibandiko cha Nenda kwa Usalama. Hatukidharau, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yataka gari lipitalo njiani liwe zima. Ila askari huliona gari kwa dakika chache, na mwenyewe huliona kila asubuhi. Kibandiko si kamba.

Limebaki jambo la kuuza. Huja siku ambapo mwenye motokaa huchoka nayo, na mara nyingi siku hiyo huangukia pale anapoanza kuisikia sauti asiyoipenda katika gia au katika injini. Ndipo huosha gari, huweka oili nzito ili injini ikae kimya, hufuta ile taa nyekundu, na kumwita mnunuzi. Labda mnunuzi ni mwalimu wa Gallapo aliyeweka akiba miaka minne. Amri ya Saba, kama tulivyofundishwa, haikomi katika kukataza wizi. Yatutaka tumsaidie jirani ailinde na kuiongeza mali yake. Na hapa Torati yetu ya ng'ombe yatubana mara ya mwisho, kwa kuwa yule ng'ombe akiisha kuuzwa, anayejua tabia yake ni muuzaji peke yake. Mnunuzi hana hatia; yeye hakuambiwa.

Hivyo twawashauri wenye kuuza wafanye kama wafanyavyo watu waaminifu wa minadani, ambao humwambia mnunuzi mbele ya mashahidi, "Huyu hupiga teke akikamuliwa." Kaeni mezani kabla ya kuuza, mwandike kila mlichokitengeneza na kila mlichokiacha. Pedi za mbele zilibadilishwa mwezi fulani. Mafuta ya breki, mwaka fulani. Mkanda wa taimingi, ambao katika injini nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 hubadilishwa kwa kawaida kila kilometa 100,000, andikeni ulibadilishwa kwenye kilometa ngapi, au andikeni ya kuwa haukubadilishwa. Bei itapungua kidogo, hilo halina budi. Kisha mnunuzi asomewe, atie sahihi, na karatasi hiyo aipokee pamoja na kadi ya gari, katika bahasha moja.